Kivinjari kipi kinafaa kwenye kompyuta za steshenari zinazotumiwa na wateja wengi?

SteshenariSongea (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Ninaendesha steshenari hapa Songea mjini. Kwa sasa sehemu kubwa ya kazi yetu si kutoa kopi wala kuuza madaftari, bali ni kuwasaidia watu kutuma maombi mtandaoni: mkopo wa elimu ya juu kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa RITA, maombi ya kazi Ajira Portal, udahili wa vyuo na namba ya mlipakodi ya TRA. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, wateja huanza kufika asubuhi kutoka Namtumbo na Mbinga, na kompyuta moja hukaliwa na mtu mmoja baada ya mwingine mpaka jioni.

Kompyuta zenyewe ni nne. Tatu zina Windows 10 na RAM ya GB 4, na ya nne ni ya zamani yenye Windows 7, ambayo nimeibakiza kwa sababu skana yetu inaelewana nayo vizuri. Intaneti tunanunua kwa kifurushi cha simu na kuisambaza kwa ruta, hivyo kila MB ina bei yake, na umeme hukatika mara kwa mara.

Kinachonikosesha amani kuliko yote ni siri za wateja. Juzi binti mmoja alifungua ukurasa wa barua pepe akakuta sanduku la kijana aliyemtangulia likiwa wazi, pamoja na barua ya kuitwa kwenye usaili. Binti yule alikuwa mwaminifu akatuita, lakini si kila atakayekaa kwenye kiti kile atafanya hivyo. Nimeshawaagiza vijana wangu wamfungulie kila mteja dirisha la hali fiche (incognito), na bado kuna nyakati ambapo akaunti ya mtu huonekana kwa mwingine. Sielewi sababu yake.

Naomba pia ushauri kuhusu kivinjari kinachotumia data kidogo, na kuhusu tovuti za kupunguza ukubwa wa PDF. Mifumo ya serikali hukataa faili likizidi ukubwa uliowekwa, nao vijana wamezoea kutafuta kwenye Google tovuti yoyote inayopunguza na kupakia humo vyeti vya watu. Je, jambo hilo ni salama?

FundiMakambako

Ndugu wa Songea, nianze na hali fiche, kwa kuwa hapo ndipo penye sababu unayoitafuta. Watu wengi hudhani kwamba kila dirisha la hali fiche huanza upya na halijui lolote kuhusu dirisha lililo pembeni yake. Sivyo ilivyo. Katika Chrome na vivinjari vilivyojengwa juu ya msingi uleule, madirisha yote ya hali fiche yaliyo wazi kwa wakati mmoja hutumia vidakuzi vya pamoja, mithili ya chumba kimoja chenye milango mingi: mlango wowote utakaoingilia, utawakuta waliomo. Vidakuzi hivyo ndivyo vinavyoifanya tovuti ikumbuke kwamba mtu ameshaingia kwenye akaunti yake, na hufutwa pale tu dirisha la mwisho la hali fiche linapofungwa. Kwa hiyo mteja wa saa mbili akiondoka na kuacha dirisha lake limeshushwa kwenye upau wa chini, kisha kijana wako akamfungulia mteja wa saa tatu dirisha jipya, huyo wa saa tatu ataikuta barua pepe ya mwenzake ikiwa wazi. Kwa hiyo madirisha yote yafungwe kabla mtu mwingine hajakaa, na anayehudumia autazame upau wa chini kwa macho yake badala ya kudhani tu kwamba hakuna kilichosalia.

Chrome ina pia hali ya mgeni, ambayo kwa duka ni bora kidogo kuliko hali fiche, kwa sababu mgeni haoni historia, alamisho (anwani za tovuti zilizohifadhiwa) wala nywila za mwenye kompyuta. Ubora wake mwingine unahusu kuingia kwenye akaunti. Tangu toleo la 69 la mwaka 2018, mtu anayeingia Gmail kwenye Chrome ya kawaida anaweza kuingizwa pia kwenye kivinjari chenyewe, na akikubali kusawazisha bila kusoma anachokubali, alamisho zake na nywila zake zote hushuka kwenye kompyuta yako. Mteja huyo ataondoka akidhani amefunga kila kitu, kumbe nywila zake ziko mezani kwako. Katika hali ya mgeni jambo hilo halitokei. Lakini hali ya mgeni ina upungufu unaouma kwenye kazi kama yako: haina alamisho, hivyo kila mara mteja ataandika anwani kwa mkono au ataitafuta kwenye Google, na huko ndiko tovuti za kitapeli zinakomsubiri.

Kwa sababu hiyo, mimi ningechagua Firefox na kuipanga mara moja tu. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, uiambie isikumbuke historia kamwe. Kuanzia hapo kila dirisha litakalofunguliwa litafanya kazi kwa faragha bila mteja wala kijana wako kukumbuka kubonyeza chochote, huku alamisho ulizoweka mwenyewe zikibaki mahali pake. Zima pia pendekezo la kuhifadhi nywila na la kujaza fomu.

Kuna faida moja zaidi ambayo inatokana na hali ya umeme uliyoieleza. Mpangilio ule mwingine, wa kufuta vidakuzi kila kivinjari kinapofungwa, hutegemea kivinjari kifungwe kwa utaratibu. Umeme ukikatika ghafla, kazi ile haifanyiki kwa wakati wake, na kompyuta ikiwashwa tena kivinjari kinaweza kujitolea kurudisha vichupo (tabs) vilivyokuwa wazi. Hali ya faragha haiandiki vidakuzi wala historia kwenye diski tangu mwanzo, kwa hiyo umeme ukikatika hakuna cha kurudisha.

Yote haya hayagusi folda ya mafaili yaliyopakuliwa, nami naomba ulishike hili kwa sababu hakuna kivinjari kitakachokufanyia. Barua ya usaili aliyoipakua mteja, fomu ya mkopo aliyoichapa ili ikasainiwe serikali ya mtaa, na cheti kilichoskaniwa vitabaki kwenye folda hiyo, au kwenye eneo-kazi, hata kama kivinjari kimefungwa kwa usahihi kabisa. Wapangie vijana wako folda moja kwa kila kompyuta, ifutwe mbele ya mteja kabla hajalipa, na pipa la taka limwagwe hapohapo. Mteja akiona jambo hilo likifanyika, naye atajifunza kulidai kwingineko.

Kuhusu ile kompyuta ya Windows 7, ushauri wangu ni kuitoa kwenye intaneti. Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020, na Chrome yake ilikomea toleo la 109 mwaka 2023. Mozilla, watengenezaji wa Firefox, waliendelea kutoa marekebisho ya usalama kwa Windows za zamani kupitia Firefox ESR 115, tawi linalohudumiwa kwa muda mrefu, na waliongeza muda wake zaidi ya mara moja, lakini kivinjari kizuri hakiwezi kuziba matundu ya mfumo ulio chini yake. Iache ifanye kazi ya skana tu, na mafaili yahamishwe kwa flashi. Tena usizisahau zile tatu nyingine: Windows 10 nayo ilifikia ukomo wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo anza kupanga kabla msimu haujafika.

TehamaDodoma

Nakubaliana na Fundi kuhusu vidakuzi na folda, ila ningependa Edge isipuuzwe. Imo tayari ndani ya Windows, hivyo huhitaji kutumia bando kuipakua. Tangu Januari 2020 imejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome, na kwa hiyo mfumo wa serikali uliojaribiwa kwenye Chrome utafanya kazi kwenye Edge bila tofauti ya maana. Kwa mashine za GB 4, uwezo wake wa kuvilaza vichupo visivyotumika unasaidia sana, nao huwashwa kwenye mipangilio ya mfumo na utendaji.

Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Edge inaweza kusoma ukurasa kwa sauti, na miongoni mwa sauti zake zimo za Kiswahili: Rehema na Daudi kwa lafudhi ya Tanzania, Zuri na Rafiki kwa ile ya Kenya. Hazisomi kwa kukwaruza herufi moja moja kama programu za zamani, husoma sentensi kwa mtiririko unaoeleweka. Kwenye maombi ya mkopo huwepo mzazi au mdhamini anayetakiwa kusaini masharti, na mara nyingi macho yake hayasomi tena maandishi madogo ya kompyuta, au hakupata nafasi ya kwenda shule. Nimeona mzee akiwekewa ukurasa wa Kiswahili asomewe huku amekaa, akauliza maswali mawili ya msingi kabisa kabla ya kusaini. Haki hiyo anastahili kila mzazi, na kwenye kompyuta hizo tayari ipo. Sauti hizo hutengenezwa kwenye seva, kwa hiyo zinahitaji intaneti iwe hewani wakati wa kusoma.

Mimi ningeweka vyote viwili: Firefox kwa kazi za kila siku kama alivyoeleza Fundi, na Edge iwe ya akiba pale ukurasa fulani unapokataa kufunguka vizuri, na ya kuwasomea wanaohitaji kusomewa.

CyberMwembeTayari

Salamu kutoka Mombasa. Huku kazi ni ileile ila majina ni tofauti: cyber yangu hujaa watu wa eCitizen, KRA na HELB. Nitachangia upande wa data, kwa maana hapo naona bado hapajaguswa.

Ndugu yangu, kabla hujakilaumu kivinjari, iangalie Windows yenyewe. Kompyuta tatu zilizounganishwa kwenye ruta ya kifurushi huanza kuteremsha masasisho kila moja kivyake, na bando la siku linaweza kwisha kabla mteja wa kwanza hajamaliza fomu. Fungua mipangilio ya mtandao, chagua jina la Wi-Fi yako, kisha uiarifu Windows kwamba muunganisho huo ni wa kupimwa (metered). Ikishajua hivyo, huahirisha sehemu kubwa ya masasisho, na programu nyingine kama OneDrive nazo hujizuia. Ila usiiache hivyo mwaka mzima. Tafuta usiku mmoja wenye kifurushi cha bei nafuu, uondoe kizuizi hicho, uziache zisasishwe zote, kisha ukirudishe.

Baada ya hapo, weka uBlock Origin kwenye Firefox, yaani programu ndogo ya kuzuia matangazo inayoongezwa kwenye kivinjari. Kiendelezi hiki hakiyafichi matangazo baada ya kuyapakua, bali huzuia ombi lenyewe lisitoke, na hivyo picha na video za matangazo haziligusi bando lako. Ndani ya mipangilio yake mna kisanduku cha kuzuia picha na video zinazozidi ukubwa fulani wa KB unaouandika mwenyewe. Mimi hukiwasha kwenye tovuti za magazeti na za udaku, ambako ukurasa mmoja wa habari hubeba video zinazojicheza zenyewe, lakini hukizima kwenye tovuti za serikali ili nembo na picha za uthibitisho zisikatwe. Kwa kuwa Fundi amekushauri hali ya faragha ya kudumu, kumbuka kukipa kiendelezi hicho ruhusa ya kufanya kazi kwenye madirisha ya faragha, la sivyo kitakaa kimya bila wewe kujua. Chrome imeshaacha kukikubali kiendelezi hiki katika umbo lake kamili kufuatia mabadiliko ya kanuni zake za viendelezi, na kilichobaki huko ni toleo lake jepesi. Hiyo kwangu ni sababu tosha ya kubaki na Firefox.

Utasoma mahali kwamba uwashe hali ya kuokoa data ya Chrome kwenye simu. Ushauri huo umepitwa na wakati, kwani Google iliiondoa hali hiyo mwezi Machi 2022.

Opera Mini nayo ina sifa yake, na wengi wetu tuliijua intaneti kupitia kwayo kwenye simu za vibonye, tangu ilipotolewa kwa dunia nzima mwaka 2006. Inabana data kweli. Lakini mtu aelewe inavyobana. Katika hali yake ya kubana kabisa, ukurasa haumfikii mtumiaji moja kwa moja. Huchukuliwa kwanza na seva za Opera, hupunguzwa huko, kisha hutumwa kwenye simu. Ili seva iweze kuupunguza, ni lazima iusome, na kwa hiyo usimbaji fiche haufiki mwisho hadi mwisho kati ya simu na benki au ofisi ya serikali. Soma nayo habari, angalia nayo matokeo ya mpira, lakini mteja anayetaka kuingiza nywila au namba ya kitambulisho mwambie aizime hali hiyo au atumie kivinjari kingine. Isitoshe, fomu nyingi hukwama ndani yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya hesabu za ukurasa hufanyika mbali na simu.

MasijalaTanga

Nimefanya kazi ya kutunza majalada kwa muda mrefu, na swali la PDF ndilo lililonifanya nijisajili hapa.

Tovuti nyingi za kupunguza au kuunganisha PDF huchukua faili lako, hulipeleka kwenye seva zao nje ya nchi, hulifanyia kazi huko, kisha hukurudishia. Baadhi huahidi kulifuta baada ya saa chache, na inawezekana zinatimiza ahadi hiyo, lakini wewe huna namna ya kuhakikisha. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na saini ya mzazi vikiwekwa kwenye faili moja, hicho ni kifurushi kamili cha kumwibia mtu jina lake. Kwa upande wa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa nje ya nchi. Kenya wana ya kwao ya mwaka 2019. Steshenari inayoskani vyeti kutwa nzima iko ndani ya maneno ya sheria hiyo, nami ningekusihi uulizie usajili wake mapema.

Habari njema ni kwamba kazi hiyo haihitaji tovuti hata kidogo. Faili huwa kubwa kwa sababu ya namna lilivyoskaniwa. Fanya hesabu: karatasi ya A4 ikiskaniwa kwa rangi kwenye DPI 300 (nukta 300 kwa kila inchi) hutoa nukta 2480 kwa 3508, na kila nukta hubeba baiti tatu, ambayo ni karibu MB 26 kabla ya kubanwa. Karatasi hiyohiyo ikiskaniwa kwa kijivu kwenye DPI 150 hutoa takriban MB 2.2, yaani sehemu moja ya kumi na mbili, na maandishi ya cheti bado yanasomeka. Ukiskani sawasawa tangu mwanzo, huhitaji kupunguza chochote baadaye. Muhuri ukiwa hafifu panda hadi DPI 200, na rangi itumike pale tu inapodaiwa na mfumo.

Kwa programu, jaribu NAPS2. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na hufanya kazi bila intaneti. Huskani kurasa nyingi zikaingia kwenye PDF moja, hukuruhusu kuzipanga upya kwa kuziburuta, na hukuachia uchague ubora wa picha unapohifadhi. Kwa kuunganisha na kutenganisha PDF zilizopo, PDFsam Basic inatosha. Kama unataka ukurasa mmoja tu kutoka kwenye faili refu, hata hiyo si lazima: fungua PDF ndani ya kivinjari, bonyeza kuchapa, chagua kuhifadhi kama PDF badala ya printa, kisha andika namba ya ukurasa unaoutaka.

Picha ndogo za pasipoti ni jambo jingine, na hapo zipo zana za mtandaoni ninazozikubali. Squoosh hupunguza uzito wa picha, na Photopea huhariri, na zote mbili hufanya kazi ndani ya kivinjari chako bila kuipeleka picha kokote. Ukikutana na zana mpya na hujui hufanya kazi wapi, ipime hivi: fungua ukurasa wake mpaka umalizike kupakia, kisha kata intaneti, ndipo uiletee picha isiyo na siri. Ikiendelea na kazi, inafanyia hapohapo kwenye kompyuta. Ikigoma, ilikuwa inategemea seva, na vyeti vya wateja wako visipelekwe huko.

Nimalizie na tovuti za kitapeli alizozigusa Fundi. Alama ya kufuli kwenye upau wa anwani ilihubiriwa kwa miaka mingi kama dalili ya uaminifu, nayo haikuwahi kuwa hivyo. Inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamesimbwa. Tangu shirika la Let's Encrypt lilipoanza kutoa vyeti vya usimbaji bila malipo mwaka 2015, yeyote mwenye tovuti anaweza kukipata, awe mkweli au tapeli, na Chrome yenyewe iliiondoa picha ya kufuli mwaka 2023. Kinachopaswa kusomwa ni anwani. Taasisi za serikali ya Tanzania huishia na go.tz, na herufi hizo ziwe mwishoni mwa jina la tovuti kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaolifuata, kwa sababu tapeli anaweza kuziweka katikati ya jina refu la kwake. Matokeo ya kwanza kwenye Google mara nyingi ni matangazo ya kulipiwa, kwa hiyo ile hoja ya alamisho ni ya lazima kabisa.

SteshenariSongea (mleta mada)

Nawashukuru nyote kwa dhati. Leo asubuhi tumefunga madirisha yote mbele ya kila mteja, na tatizo la akaunti kuonekana halijajitokeza. Skana tumeishusha hadi DPI 150 kijivu, na fomu ya kwanza imepokelewa na mfumo bila kupunguzwa. Kompyuta ya Windows 7 nimeichomoa kwenye mtandao.

Swali langu lililobaki ni moja. Mteja akikaa peke yake anaweza kuingia kwenye mipangilio ya Firefox akarudisha kuhifadhi nywila, au akafuta alamisho nilizoweka. Je, kuna namna ya kuifunga mipangilio hiyo kwa mashine zote tatu bila kurudia kazi kwenye kila moja?

FundiMakambako

Ipo, na haihitaji kununua chochote. Ndani ya folda ya Firefox, ambayo kwa kawaida iko C:\Program Files\Mozilla Firefox, tengeneza folda uiite distribution, kisha ndani yake weka faili la maandishi liitwalo policies.json. Firefox hulisoma faili hilo kila inapowaka, na masharti yaliyomo huwa juu ya mipangilio anayoweza kuigusa mteja. Sharti liitwalo OfferToSaveLogins likiwekwa false, pendekezo la kuhifadhi nywila halitokei tena. DisableFormHistory likiwekwa true, fomu hazikumbuki zilichojazwa. ManagedBookmarks hukuwezesha kuorodhesha anwani za Bodi ya Mikopo, RITA, Ajira Portal na TRA kwenye folda ambayo mteja anaiona na kuitumia lakini hawezi kuihariri. BlockAboutConfig huufunga ukurasa wa mipangilio ya ndani kwa wale wanaopenda kuchokonoa.

Liandike faili hilo kwenye kompyuta moja, ulijaribu, kisha ulibebe kwa flashi na kulinakili kwenye zile mbili. Hakikisha wateja wanatumia akaunti ya Windows isiyo na mamlaka ya msimamizi, maana mwenye mamlaka hayo anaweza kulifuta. Ukimaliza, andika about:policies kwenye upau wa anwani: masharti yaliyokubaliwa yataorodheshwa hapo, na kama mkato au mabano yamekosewa mahali, ukurasa huohuo utakuonyesha kosa.